Sanamu ya Askari na Majina Yasiyoandikwa

Dominika ya 32 ya Mwaka C



Injili ya Dominika hii, kutoka sura ya 20 ya Mtakatifu Luka, yatupeleka Hekaluni. Masadukayo wamemwendea Bwana na kisa cha kubuni: mwanamke mmoja aliolewa na ndugu saba kwa zamu, na wote saba wakafa bila kuacha mtoto. Je, siku ya ufufuko atakuwa mke wa nani? Twaelewa kwamba hawakutaka jibu. Walitaka kicheko. Kwao aliyekufa amekwisha, na kumzungumzia kama mtu aliyepo ni upuuzi.

Bwana anawajibu kwa kuwarudisha kwenye kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea, pale Mungu alipojitambulisha kwa Musa. Angalieni namna alivyojitambulisha. Alitaja majina ya watu: Ibrahimu, Isaka, Yakobo. Hao walikuwa wamezikwa karne nyingi kabla Musa hajazaliwa. Hata hivyo Mungu anawataja kama sisi tunavyomtaja jirani aliyemo nyumbani mwake, ambaye tukibisha hodi ataitikia. Ndiyo maana Bwana anasema kwamba mbele ya Mungu wote wako hai.

Tumeingia Novemba, mwezi wa marehemu. Tarehe 2 Kanisa limewaombea marehemu wote. Tarehe 11 mataifa mengi hukumbuka siku silaha ziliponyamaza Ulaya mwaka 1918, mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo ilipigwa pia katika ardhi yetu na juu ya maji ya ziwa letu. Kwa sababu hiyo twapenda leo kuzungumza juu ya sanamu moja iliyosimama Dar es Salaam, kisha turudi huku kwetu, mwisho wa reli, tuone kama nasi tunalo la kukumbuka.

Aliyepata kufika Dar es Salaam ameiona sanamu hiyo. Katikati ya mji, barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Maktaba, amesimama askari wa shaba, bunduki mikononi, singe ikielekea upande wa bandari. Magari humzunguka mchana kutwa, wala hatudhani kwamba kati ya watu mia wanaopita yumo hata mmoja anayesimama kusoma maandishi yaliyo chini yake.

Kabla ya huyo, mji ule ulikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwaka 1889. Baadaye Wissmann akawa gavana. Yeye aliwekwa juu, na chini ya miguu yake akawekwa askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama bwana wake, akiwa pamoja na simba aliyekufa. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 waliiondoa sanamu hiyo. Ilisafirishwa Uingereza, ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hiyo haikuinuliwa. Hiyo ndiyo hatima ya fahari nyingi za dunia hii.

Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha askari tunayemwona leo, kazi ya mchonga sanamu James Alexander Stevenson. Katika mwaka huo huo Mombasa ilipata sanamu ya namna hiyo, na Nairobi ikapata yake mwaka 1928. Lazima tuwe wakweli: lilikuwa jambo la maana. Mwafrika aliyekuwa chini akimtazama mzungu sasa amesimama juu, peke yake, hamtazami mtu. Maandishi yaliyowekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling, yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana. Yanawakumbuka pia wapagazi, yakiwalinganisha na viungo vya mwili ambavyo jeshi lilitembea na kufanya kazi kwavyo. Mwishoni maandishi yanatoa ahadi. Yanamwambia yule apiganaye kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Basi, ndugu zetu, zungukeni jiwe lile lote mkatafute jina. Halimo hata moja.

Askari ana haki ya kukumbukwa. Lakini tuwatazame kwanza wale wapagazi, kwa sababu wao ndio waliokuwa wengi, na wao ndio waliokufa zaidi. Katika nchi hii mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa majeshi, na reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ya Kati. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mtu mmoja alibeba ratili 50 au zaidi za unga, risasi au mahema. Naye pia alipaswa kula, na kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo mbebaji alivyokula sehemu kubwa zaidi ya alichokibeba, hata ikabidi watafutwe wabebaji wengine wa kumbebea mbebaji. Upande wa Waingereza peke yao waliandikishwa watu wanaokaribia milioni moja. Wachache walikwenda kwa hiari. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, vijiji vikilazimishwa kutoa watu. Waliokufa walizidi 90,000. Risasi iliwaua wachache. Waliokufa zaidi ni wale wa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, kwa kulishwa unga usioiva vizuri na kulala mvuani bila blanketi ya kutosha. Wabelgiji nao walichukua wapagazi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na Wajerumani walichukua kila walipopita, wala hawakuacha hesabu kamili.

Mpagazi wa Waingereza alivishwa kibati chenye namba. Alipokufa, namba ilifutwa daftarini. Mishahara ya maelfu ilibaki mikononi mwa serikali, kwa kuwa jamaa za marehemu hawakupatikana, na wakati mwingine hawakutafutwa. Hata Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, limepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wabebaji kilichopiga kambi pale. Twaenda kununua nguo na vyombo mahali pale, tukilitamka jina lao bila kujua kwamba tunawataja.

Tusidhani kwamba majina hayakuandikwa kwa sababu hayakuwezekana kuandikwa. Tume ya Uingereza iliyokabidhiwa makaburi ya vita ilikuwa imeweka kanuni nzuri, kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, awe afisa au askari wa kawaida. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo iliwekwa kando kwa watu weusi, ikasemwa kwamba sanamu moja ya jumla ingewatosha. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Twashukuru kwa ungamo hilo, ingawa lilichelewa miaka mia moja.

Na ili mjue jina moja lina uzito gani, tuwatajie Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kijerumani, na yeye mwenyewe akatumikishwa vitani akiwa bado kijana mdogo. Baada ya vita alihamia Berlin. Huko alidai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa, akakataliwa. Utawala wa Hitler ulimfunga, naye akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 wakazi wa Berlin waliweka kijiwe cha shaba njiani, mbele ya nyumba alimokuwa akiishi. Ukubwa wake haufiki kiganja cha mkono, lakini kina jina lake. Kwetu sisi kijiwe hicho chasema mengi kuliko askari mkubwa wa Samora.

Sasa turudi ziwani.

Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, urefu wa kilometa zipatazo 1,250. Miezi sita baadaye vita ikaanza. Kwa reli hiyo ikaletwa meli nzima vipande vipande, katika makasha yapatayo 5,000, kutoka kiwanda cha Meyer cha Papenburg. Iliunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Ikaitwa Graf von Götzen, jina la gavana ambaye chini ya utawala wake Vita vya Majimaji vilizimwa kwa moto na njaa. Historia inawajua mafundi watatu Wajerumani walioiunganisha: Rüter, Wendt na Tellmann. Vibarua Waafrika na Wahindi waliofanya kazi pamoja nao walikuwa zaidi ya mia. Majina yao hayatajwi vitabuni, ingawa mikono yao ndiyo iliyopigilia misumari yake.

Hadithi ya vita vya ziwani imeandikiwa vitabu vingi, kwa sababu Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa kuzikokota milimani kupitia Kongo, na wasomaji wa Ulaya hupenda vituko. Tutapita upesi. Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mke wa yule yule wa sanamu. Ndege za Wabelgiji zikapiga mabomu bandari yetu. Mwishoni mwa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Götzen karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi kwa matumaini ya kurudi. Wabelgiji wakaingia Kigoma, na wakakaa hadi 1921.

Vita ilikwisha pia pembeni mwa ziwa letu. Habari za Novemba 11 zilichelewa kufika porini, na jeshi la mwisho la Wajerumani likaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, juu ya ncha ya kusini ya ziwa. Wajerumani walioshindwa wakaletwa Kigoma kwa meli na kupanda treni katika kituo kile kile tunachopandia sisi. Askari wao Waafrika walipelekwa kambini Tabora. Wapagazi waliobaki wakatafuta njia ya kurudi makwao, huku ugonjwa wa mafua makali wa mwaka ule ukiwafuata. Kando ya reli, Ugogoni, njaa iliyoitwa Mtunya ilikuwa inaendelea kuua, kwa kuwa majeshi yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kulima.

Mwaka 1924 Waingereza waliiinua ile meli, na mwezi Mei 1927, mwaka ule ule wa sanamu ya Dar es Salaam, ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa. Hivyo mwaka mmoja ulitoa kumbukumbu mbili, moja katika kila mwisho wa reli. Ile ya pwani ilijengwa ili ikumbushe, nayo imesimama. Hii ya kwetu haikukusudiwa kuwa kumbukumbu ya mtu yeyote, nayo ikabeba wana wa watu. Mwaka 1997 iliwarudisha nyumbani Kongo maelfu ya wakimbizi, ikienda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira. Mwaka 2015, Warundi walipofurika Kagunga na kipindupindu kuwaingia pale ufukoni, Liemba iliwachukua kwa maelfu hadi Kigoma. Waliozaliwa wakati ule wangali watoto.

Mtatuambia kwamba Ujiji tunao mnara. Kweli upo, ukikumbusha Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871. Lakini hata pale twakumbuka wazungu wawili, wakati kila mzigo wa Stanley ulifika Ujiji juu ya bega la mtu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Kati ya wapagazi wote wa karne ile, hao wawili ndio majina yao yanayojulikana zaidi, nao wamejulikana kwa kazi ya huruma, ya kumrudisha marehemu kwa watu wake.

Hapa twajua baadhi yenu mna swali, nalo ni swali la haki. Kwa nini Mkristo amwombee askari aliyempigania mkoloni? Wengine wa hao walichoma mashamba ya Wangoni na Wamatumbi wakati wa Majimaji. Wengine waliwasukuma wapagazi kwa viboko. Wako waliotekwa wakivaa sare ya Mjerumani, kisha wakavaa ya Mwingereza na kuwapiga risasi wenzao wa jana. Je, huyo naye aandikwe?

Somo la kwanza la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7, habari za ndugu saba waliokubali kufa kuliko kuivunja Sheria. Hao hatuoni shida kuwaheshimu. Lakini fungueni kitabu hicho hicho, sura ya 12. Yuda Makabayo anakwenda kuwazika askari wake, na chini ya nguo za kila aliyekufa anakuta hirizi za miungu ya uongo, kitu kilichokatazwa. Walikufa wakiwa na hatia miilini mwao. Yuda hafichi jambo hilo, wala hasemi walikuwa mashujaa wasio na doa. Hawaachi pia. Anachanga fedha, drakma 2,000, anazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi yao. Mwandishi mtakatifu anamsifu, akieleza kwamba kama Yuda asingetumaini ufufuko, kuwaombea wafu kungekuwa kazi bure.

Jibu letu ni hilo. Sanamu humsifu mtu. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama alistahili sifa, na ndiyo maana Wissmann aliangushwa. Misa ya marehemu haimsifu mtu. Inamkabidhi, pamoja na dhambi zake, kwa yule anayeweza kuziondoa. Hivyo askari aliyechoma ghala na mpagazi aliyekufa njaa baada ya ghala kuchomwa waweza kutajwa katika Misa moja, bila sisi kusema kwamba walitenda sawa. Anayeona vigumu kulikubali jambo hili anaona vizuri. Hata Msalaba ni mgumu kuukubali.

Na msituambie kwamba wengi wao walikuwa Waislamu, au watu wa dini ya jadi. Twalijua hilo. Katika Sala ya Ekaristi Kanisa huwakumbuka pia wale ambao imani yao ilijulikana na Mungu peke yake. Hapa Ujiji na Kigoma tumezikana siku zote, Wakristo na Waislamu. Hatujasikia jeneza likiulizwa cheti cha ubatizo kabla watu hawajaliweka mabegani.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi makatekista wa vigango, kuanzia Kagunga hadi kusini kabisa mwa ufuko, na ninyi wa Kasulu na Kibondo. Chukueni daftari. Katika jumuiya ndogo ndogo wiki hii, waulizeni wazee: katika ukoo huu, nani alichukuliwa kubeba mizigo, au kushika bunduki, asirudi? Nani alikwenda Burma katika vita ya pili? Nani alibaki Uganda mwaka 1979? Nani alizama ziwani akivua dagaa, na mwili wake haukuonekana? Ndugu zetu wakimbizi walioko Nyarugusu, nao waandike wale waliowaacha njiani bila kuwazika. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya vita ya kwanza wamebaki wachache sana, nao hawatatungoja.

Andikeni jina kama lilivyotamkwa nyumbani, kwa Kiha, Kibembe au lugha yoyote, wala msilibadilishe liwe la kizungu. Kama jina limesahauliwa, andikeni babu wa nani, mume wa nani, wa kijiji gani. Msiache mtu kwa sababu hakubatizwa, wala kwa sababu ukoo unaona haya kwa aliyoyatenda. Daftari zifike parokiani kabla ya Dominika ya Kristo Mfalme, ili mapadre wapate muda wa kuzisoma na kuuliza pale mwandiko usiposomeka. Majina yatasomwa yote kwa sauti wakati wa Misa, hata Misa ikichelewa kwisha. Wenye watoto wadogo waje na uji.

Tumsifu Yesu Kristo.